Usimpe Kinanda Kwaya ya Watoto

Dukani kwangu,
Nyuma ya soko.
Alhamisi mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, fundi cherehani. Hujambo huko uliko? Mgongo wako je, bado wanakubebesha maboksi pale ghalani au wameshakuonea huruma wakakupa kazi ya kukaa? Wifi hajambo? Na yule binti yenu mdogo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo?

Sisi huku tu wazima wa mwili, tunashukuru. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anawafukuza kuku wa jirani kama kawaida yake. Cherehani yangu nyeusi bado inafanya kazi, ingawa siku hizi inapiga kelele kunishinda mimi, na unajua hilo si jambo dogo. Mvua zimenyesha vizuri. Paa la chumba cha Mama halivuji tena.

Barua yako niliipata juzi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikatoka nje nikaenda kununua nyuzi nilizokuwa nazo tayari. Unasema umefurahi kwamba mwanao Kinanda anakuja kuishi nanyi. Unasema umemtengea chumba, kile kinachopakana na cha binti yako. Unasema pia umemwambia mchungaji wa huko kwamba kwaya ya watoto imepata mwalimu, na mchungaji amefurahi mno. Kaka, nakuomba kitu kimoja kabla hujageuza ukurasa. Usimpe mchungaji huyo neno lingine lolote mpaka umalize kusoma barua hii.

Najua unavyosoma barua zangu, unaanzia mwisho kuona nani kafa. Hakuna aliyekufa. Rudi hapa juu.

Mama amekuambia kijana anakuja kutafuta maisha. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ameificha, na ndiyo inayoninyima raha tangu mwezi uliopita. Nitakueleza yote, ila nivumilie, maana leo siwezi kukaa kwenye kiti muda mrefu. Naandika kidogo, nasimama, nazunguka meza ya kukatia, narudi.

Nianze na mambo ya kanisani. Unajua mimi ndiye mkuu wa shule ya Jumapili, cheo kisicho na kiti wala kivuli. Mwaka jana tuliitwa kwenye semina ya ulinzi wa watoto, walimu wa makanisa yote ya hapa. Nilidhani nakwenda kusinzia. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mtu mzima, na alitusimulia mambo mazito kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Alisema anayeumiza watoto kanisani haingii kwa kuruka ukuta. Huingia kwa mlango mkubwa, ana mkono mwepesi wa kusaidia, na watu wote wanampenda. Nilitamani kutoka nje, lakini nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Nilirudi na kanuni, nikazipeleka kwa wazee wa kanisa. Hazikuwa ngumu. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, wawe wawili daima. Mlango wa chumba chenye watoto uwe wazi, au uwe na kioo kisichozibwa. Mwalimu asimsindikize mtoto mmoja nyumbani. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi. Na anayetaka kufundisha watoto tuulize kwanza huko alikotoka.

Wazee wakatikisa vichwa, wakaitikia amina. Kisha akasimama yule mzee tunayemwita Tulimalize. Tunamwita hivyo kwa sababu hata watu wakigombania viti neno lake ni hilohilo, tulimalize kwa hekima. Akasema, "Kanuni ni nzuri sana, dada yetu ametufaa. Ila hizi ni za wageni. Hawa vijana wetu wa nyumbani, tuliowabatiza kwa mikono yetu, tunawajua." Kikao kizima kikapiga makofi, na ndivyo zilivyopita. Mgeni akija anaulizwa ukoo wake na meno yake. Kijana wa nyumbani anakabidhiwa ufunguo.

Mimi nilisimama nikakataa. Nikawaambia nina wateja ninaowashonea tangu hawajaolewa, na kila wakija nawapima upya, maana jicho langu limewazoea mno haliwaoni sawasawa. Nikasema wa kwanza kuingia kwenye kanuni awe Kinanda, kwa sababu ni wangu. Watu wakacheka. Kinanda mwenyewe akacheka kuliko wote, akanishika bega, akasema, "Shangazi ananionea wivu, nimempita umaarufu." Nami nikacheka. Wakati ule sikuwa na shaka naye hata chembe. Nilitaka tu kanuni iwe kanuni.

Na ni kweli anapendwa. Ulimwacha mikononi mwangu mama yake alipofariki, hajui hata kufunga vifungo, na mimi ndiye niliyemsukuma akajifunze muziki kwa sababu alikuwa ananipigia meza ya dukani mpaka mkasi unaanguka. Hilo jina la Kinanda amepewa na watoto wa kanisani. Kwaya yao ilikuwa imelala doro, yeye ndiye aliyeiamsha. Akipita njiani wanamfuata mlolongo. Akina mama wanamwita ndani ale. Hata mimi nilikuwa natembea nimeinua shingo, nakuambia ukweli, nikisikia watu wanasema yule ni wa fundi cherehani.

Nimekatishwa na mteja. Kaleta gauni la harusi ya dada yake, anataka lipanuliwe, na anaapa hajanenepa. Nimemwambia gauni limesinyaa kwa baridi. Nimerudi.

Sasa sikiliza. Kabla ya mvua kuanza, Kinanda alikuja hapa akaniomba nimshonee pazia dogo la kuziba kioo cha mlango wa chumba cha vyombo. Ni kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, wanakoweka ngoma na vipaza sauti. Akasema jua linaharibu vyombo. Nikachukua futi yangu nikaenda kupima. Nikapima upana, nikapima urefu, kisha nikabaki nimesimama na futi mkononi. Mlango ule unatazama korido ya ndani, Kaka. Jua halijafika pale tangu kanisa lijengwe. Hata mchana watu huwasha taa.

Nilimuuliza jioni yake. Akacheka, akasema, "Siyo jua hasa, Shangazi. Wenzao wanachungulia, waimbaji wangu hawatulii." Ilikuwa sababu nzuri, nzuri kuliko ile ya kwanza, na ndiyo iliyonitia mashaka, kwamba imekuja ya pili. Sikushona lile pazia. Kila akiniuliza nilimwambia kitambaa hakijafika. Siku chache baadaye nikakuta kioo kimebandikwa kalenda ya zamani. Nikaibandua. Ikarudi. Nikaibandua tena nikampelekea mchungaji wetu mkononi. Mchungaji akasema, "Tutalizungumza," akaiweka juu ya kabati.

Basi toka hapo sikukaa sawa. Nilikuwa naunga mikono ya shati kinyume. Siku za mazoezi nilikwenda kanisani na visingizio, mara nimesahau mkasi, mara natafuta mwavuli, mpaka visingizio vikaniishia. Nikaamua kuhamishia kazi zangu za mkono kule koridoni. Nilikaa kwenye kiti mbele ya mlango ule nikishona vifungo. Kinanda akanitania, "Shangazi, umeajiriwa ulinzi?" Nikamjibu ndiyo, ila mshahara bado. Tulicheka wote, lakini yeye hakucheka mpaka mwisho.

Yupo mtoto mmoja tunamwita Kengele, kwa ile sauti yake. Ana umri wa kuanza kuona haya akivuliwa viatu mbele za watu. Mama yake ni yule msusi wa kona ya soko. Kengele ndiye aliyekuwa akisimama mbele kuimba peke yake, na Kinanda alikuwa anampa mazoezi ya ziada siku ambazo wenzake hawapo. Sikuwa nalijua hilo. Siku hizo mimi nilikuwa hapa dukani nikidhani kanisa limefungwa.

Alikuja nimpunguzie kanzu ya kwaya. Nilikuwa nimepiga magoti nakunja upindo, pini zimejaa mdomoni. Akasema, bila kunitazama, "Shangazi, nishonee ya kusimama nyuma." Watoto wote wa kanisani huniita hivyo, Shangazi. Nikatoa pini nikamwambia kanzu ya mbele na ya nyuma ni moja. Akasema hataki tena kuimba peke yake. Sikumuuliza kwa nini, na yeye akaendelea mwenyewe. "Mwalimu ananipa biskuti tukibaki wawili. Anasema ni siri yetu. Nikisema kwaya itavunjika, na itakuwa kosa langu."

Kaka, niliinamia ule upindo asinione uso. Yule muuguzi alitufundisha vizuri, usimhoji mtoto, usimtilie maneno mdomoni, usimwahidi kutunza siri. Nikamwambia, "Umefanya vyema kuniambia. Wewe huna kosa lolote. Mimi sina siri na watoto, kwa hiyo tutamwambia mama yako, mimi na wewe pamoja." Akauliza kama kwaya itavunjika. Nikamwambia ikivunjika tutaiunga, mimi ni fundi. Akatabasamu kidogo. Nikamaliza upindo sijui vipi, baadaye nimeuona umekwenda kama njia ya mbuzi.

Nikamshika mkono mpaka kwa mama yake. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Nikamvuta pembeni nikamweleza alichosema mwanawe, hivyohivyo, bila kuongeza. Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akavaa viatu, akaniuliza, "Tunakwenda wapi?" Mteja wake alijifunga kitambaa kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akaenda zake, na mpaka leo hajalalamika. Sisi tulikwenda moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii.

Afisa wa pale ni binti mdogo anayesema taratibu. Alikaa na Kengele chumbani, mlango nusu wazi, mama yake akimwona kwa ubavu. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Alichosema mtoto sikijui chote, na sijauliza. Ni chake. Ninachokijua ni kwamba mama yake alitoka ameushika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuuangusha, na yule afisa akatuambia hili si jambo la kurudishwa kanisani likamalizwe. Linakwenda mbele, polisi wamekwisha kuarifiwa. Kinanda ameandikiwa afike ofisini kwao wiki ijayo, na ameambiwa asitoke mjini.

Wiki ijayo, Kaka. Na Mama amemkatia tiketi ya kuja kwako Jumatatu. Ndiyo maana barua hii naikabidhi leo kwa dereva wa basi, ikufikie kabla yake.

Nimezunguka meza. Nimekunywa maji. Naendelea.

Kanisani walinisumbua kuliko nilivyotarajia. Tulimalize alikuja nyumbani na mpango wake tayari. Kinanda na Kengele wapeane mikono mbele ya wazee, tuombe, tunywe soda, yaishe, tusijivue nguo mbele za watu. Nikampeleka kwa msusi akamwambie mwenyewe. Msusi alikuwa na kitana mkononi, hakukiweka chini. Akamwambia, "Mwanangu hampi mtu mkono. Na wewe mzee ukirudi hapa na soda yako utaondoka nayo kichwani." Nimemheshimu yule mama, nilikuwa namwona wa kelele tu.

Mchungaji nimseme kwa haki. Mwanzoni alijikuna kidevu, akazungumzia msamaha. Nikamwambia msamaha sina ugomvi nao, nataka kujua Jumapili nani atakuwa na watoto. Akapanda juu ya kiti akaishusha ile kalenda kutoka juu ya kabati, akaitazama. Siku hiyohiyo akamsimamisha Kinanda. Wale wazee waliopiga makofi wameitwa tena, na sasa kanuni ni za kila mtu, mchungaji akiwemo. Seremala ameung'oa mlango wa chumba cha vyombo, umeegemezwa uani. Ngoma zinasikika mpaka barabarani, na akina mama wa maombi wanalalamika hawasikii dhambi zao. Waache walalamike.

Lakini Tulimalize hajalala. Kwa kuombwa na Mama, amemwandikia Kinanda barua ya utambulisho, ile wanayopewa washirika wanaohama. Inasema ni kijana mwaminifu, amehudumu kwaya ya watoto kwa moyo, apokelewe na atumike. Ameipiga muhuri. Ukiona barua hiyo huko kwenu, ujue imeandikwa na mtu aliyekuwa anajua kila kitu ninachokuandikia hapa. Ndivyo watu wa namna hii wanavyohama, Kaka, wanabebwa na mihuri ya wazee wenye haya. Sisi tunafagia kwetu, takataka tunazisukumia kwako.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho na imenichoma. Nimemwita mwanangu takataka. Siifuti, lakini sikumaanisha yeye. Nilimaanisha tendo letu.

Mama hasemi nami. Ananipitishia ujumbe kwa jirani, na jirani anauongeza chumvi. Siku alipofungua mdomo aliniambia, "Mtoto wa watu umemwamini, wako mwenyewe umemtupa." Nikamwambia sijamtupa, nimemtoa kwa watoto. Akasema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, Kaka, nitasema hivyo mpaka nizikwe. Mama anadhani akimfikisha kwako mambo yatapoa. Yeye anamwona yule mtoto wa kulia kwa vifungo. Mimi pia namwona. Napika namwona, nashona namwona, na ndiyo sababu sitaki kuamini macho yangu mwenyewe katika jambo hili, yanampenda mno.

Usiniulize kama nina hakika ya kila kitu. Sina. Nina pazia lisilo na jua, nina mlango uliozibwa, nina siku za mazoezi ambazo hakuna aliyeambiwa, na nina mtoto aliyeambiwa anyamaze. Yaliyobaki ni kazi ya watu waliosomea. Ila kwa hayo tu, hata angekuwa malaika, haingii tena penye watoto mpaka wao waseme. Na kama hana kosa, njia ya kulijua hilo ni moja, aende akaseme. Akikimbia, hakuna atakayejua, wala yeye hatatulia popote.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Leo, ukiiweka barua hii chini, mpigie Mama simu, umwambie Kinanda asije. Usimpe maelezo marefu, atakulilia, nawe ukisikia Mama analia unaweza kukubali hata kumwozesha mbuzi. Sema asije, basi. Lawama atanitwika mimi, nimezoea, nina mabega ya fundi. Kisha nenda kwa mchungaji wa huko umwambie kwaya ya watoto haijapata mwalimu, na umwambie kwa nini. Utaona aibu. Ona tu, haiui. Mwulize pia milango yao ikoje na nani anabaki na watoto ibada ikiisha, maana hata bila Kinanda hilo ni swali lako, wewe una binti pale.

Na akija kwa nguvu, usimfukuze barabarani. Mpe chakula, alale na wewe chumba kimoja, si kile cha jirani na mtoto, na kesho yake umrudishe. Nitampokea mimi. Nitakwenda naye ofisini, nitakaa kwenye lile benchi la nje hata siku nzima. Wakimfunga nitampelekea nguo safi. Simwachi. Lakini sitamficha, na wewe usimfiche.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeanza kupanga salamu za mwisho, Kinanda akaingia dukani. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Ameleta suruali mpya nimpunguzie urefu. Ya safari. Akaivaa nyuma ya pazia, akaja akasimama juu ya kigoda, nami nikapiga magoti kumpima, kazi niliyoifanya maisha yake yote. Nikaweka pini mguu wa kwanza. Akaiona karatasi hii mezani. Akaniuliza, "Unamwandikia Baba?" Nikasema ndiyo. "Unamwambia nini?" Nikasema, "Namwambia asikupokee. Namwambia ubaki, uende kule ulikoitwa, na mimi nitakwenda nawe."

Nikabaki pale chini na mguu wake mkononi, nangoja. Nilikuwa tayari kwa neno lolote, Kaka. Angenitukana ningelishukuru lile tusi. Angeniuliza amefanya nini, angepiga kelele kwamba ni uongo mtupu, ningeinuka nikamkumbatia palepale, kanuni zikakaa pembeni kwa dakika moja. Nilingoja hilo kwa moyo wangu wote.

Akainama karibu na sikio langu, akaniuliza polepole, "Kengele amesema nini?"

Nimemwambia avue suruali. Ameondoka, na suruali iko hapa mezani, mguu mmoja una pini na mwingine hauna. Sitaipunguza.

Mpigie Mama leo, Kaka.

Nisalimie sana Wifi, na umsomee barua hii yote, usimkatie vipande. Msalimie binti yangu wa pengo, mwambie shangazi yake anampenda na anataka asikie sauti yake kwenye simu, aimbe chochote. Wasalimie na wenzako wa ghalani. Msusi anakusalimu, ingawa hamjaonana, amesema anakuombea. Mungu awalinde, akulinde na wewe na huo mgongo, atupe sote nguvu ya kufanya tusilolipenda.

Mimi mdogo wako akupendaye,
ambaye bado ni shangazi yake.